Kumjengea Mtoto Mapenzi ya Kusafiri

Mapenzi ya kusafiri mara nyingi huanzia utotoni, kwenye kiti cha dirishani. Kwa mzazi wa Dar es Salaam sioni mwanzo mzuri kuliko treni ya umeme ya Morogoro, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024, kwa kuwa safari huchukua takriban saa mbili na mtoto hufika kabla hajachoka.

Usiku wa kuamkia safari, mfungulie ramani aifuate reli kwa kidole chake mwenyewe, huku mkivitaja vituo kwa mpangilio: Pugu, Soga, Ruvu, Ngerengere. Tiketi mkabidhi yeye aishike, hata ikikunjika. Mkishaketi, mwachie dirisha, nawe uiweke simu mfukoni, jambo ninaloliona la lazima, maana mtoto huangalia kile anachokiangalia mzazi wake. Usimweleze kila kitu; mwulize kituo kinachofuata ni kipi na maji ya mto Ruvu yanaelekea wapi, kisha umwache na swali lake mpaka milima ya Uluguru itakapojitokeza, kwanza ya buluu kwa mbali, halafu ya kijani, yenye mikunjo na mawingu kileleni.

Mkifika mjini, nendeni sokoni, amwamkie muuzaji na kuchagua ndizi mwenyewe.

Nyumbani, mwache yeye amsimulie bibi yake, wala usimsahihishe akichanganya vituo. Kabla hajalala, mwulize safari ijayo angependa mshukie wapi.