Kidato cha Kwanza hawasemi Kiingereza? Anzia kwenye pweza

Wanafunzi 68, kimya. Miaka saba wamesoma masomo kwa Kiswahili, leo hata Baiolojia imegeuka Kiingereza. Ukiuliza swali wanatazama dari. Zamani nilimvisha kibao shingoni kila aliyeropoka Kiswahili. Wakajifunza kunyamaza vizuri zaidi, basi. Kibao kiliishia jikoni kwangu kuwashia moto.

Siku hizi naanza na kitu wanachokijua kunizidi. Mimi mtu wa Singida, nafundisha Kilwa. Bahari nimeikuta ukubwani. Nikawauliza kwa Kiswahili: pweza anavuliwaje? Mikono ikajaa hewani. Binti mmoja wa dawati la nyuma, ambaye sauti yake nilikuwa sijaisikia tangu Januari, alikuja mbele akainama, akaonyesha bibi yake anavyochokoa shimo kwa kijiti bahari ikitoka siku za bamvua. Nilipouliza kwa nini pweza apigwe kwenye jiwe, alinitazama kwa huruma. "Mwalimu, utamtafunaje sasa?"

Waache wamalize kwa Kiswahili, hata dakika kumi ziishe. Ndipo uandike ubaoni vitenzi vinne tu: "poke", "pull", "beat", "boil". Wasimuliane wawili wawili kwa Kiingereza, kisha mmoja asimame.

Akisema "My grandmother he beat it", usimkatize. Hapa ndipo walimu tunapoharibu. Kiswahili hakimtaki atenganishe bibi na babu, wote ni "yeye". Tangu azaliwe hajawahi kuhitaji kuchagua. Itikia kama mtu anayetaka kusikia habari: "She beats it? How many times?" Akijibu "He beat forty", pokea arobaini zake, andika kosa kwenye daftari lako. Kesho fundisha makosa mawili kati ya uliyoandika, mengine yasubiri.

Na ukishauliza, funga mdomo. Hesabu kimoyomoyo mpaka kumi. Ni mbali sana, utajaribiwa kujibu mwenyewe.

Kingine, epuka maswali ya kukanusha. Niliwahi kumuuliza kijana, "You have not finished?" Akasema "Yes." Nikafungua daftari, tupu, nikamwadhibu kwa uongo. Kumbe alinijibu Kiswahili kwa maneno ya Kiingereza: ndiyo, sijamaliza. Nililielewa hilo usiku, nikisahihisha, na asubuhi nikamwomba radhi mbele ya wenzake. Sasa nauliza tu, "Have you finished?"

Wiki iliyofuata binti wa pweza alinyoosha mkono bila kuitwa. "Teacher, you, how you cook pweza?"

Nikakiri sijawahi kumpika. Wakacheka mpaka darasa la jirani likachungulia, halafu wakaanza kunielekeza wote kwa pamoja, sauti ya mtu wa nyuma ikizishinda zote: "Put papaya! Not ripe, teacher, not ripe!"