Nyanya, hoho na biringanya kwenye joto la pwani: anza na kalenda

Mnyanya ukijaa maua ya njano kisha yote yakapukutika bila kushika tunda, watu wengi huongeza mbolea. Mara nyingi tatizo ni joto la usiku. Usiku wa nyuzi 15 hadi 21 huifaa nyanya vizuri. Usiku ukibaki juu ya 24, au mchana ukipita 35, chavua huharibika na ua hudondoka. Tanga, Bagamoyo, Unguja au Mombasa, mwezi Februari, usiku wa kuifaa nyanya haupatikani. Kwa hiyo panga tarehe kabla hujanunua mbegu.

Sia nyanya kati ya mwishoni mwa Aprili na mwanzoni mwa Juni, ili maua yakutane na kipupwe. Hoho ifuate msimu huohuo, ila isie mapema, tangu mwanzoni mwa Aprili, kwa sababu hukaa kitaluni wiki 6 hadi 8, wakati nyanya hutoka baada ya wiki 4. Biringanya ndilo zao la kiangazi. Ukilisia Agosti, litaanza kuzaa karibu na Desemba, wakati nyanya inahangaika na joto.

Kitalu

Kitalu cha Aprili kinapigwa na masika, kwa hiyo inua tuta sentimita 20 na uweke kichanja juu yake. Chora mistari kila baada ya sentimita 15, kina sentimita 1, kisha funika kwa nyasi kavu. Nyanya huchomoza siku ya 5 hadi ya 8, hoho ya 8 hadi ya 14. Miche ikianza kuchomoza, ondoa nyasi jioni hiyohiyo. Ukichelewa itarefuka ikitafuta mwanga, na miche myembamba iliyosongamana kwenye unyevu ndiyo inayoangushwa na kinyausi, ugonjwa wa ukungu unaoozesha shina la mche karibu na udongo.

Usiache kuweka wavu juu ya kitalu. Inzi weupe hueneza virusi vya kujikunja majani, ambavyo wengine huviita rasta, na mche ulioambukizwa mapema hauzai kitu cha maana. Tumia wavu maalumu wa kuzuia wadudu. Matundu ya chandarua cha mbu ni makubwa, inzi mweupe hupenya. Wiki moja kabla ya kuhamisha, punguza maji ili miche ikomae.

Shambani

Hamisha jioni. Nyanya iachie sentimita 60 kati ya mistari na 50 kati ya miche, hoho 60 kwa 45, biringanya 90 kwa 60. Kila shimo litie nusu kilo ya samadi iliyooza kabisa na kizibo kimoja cha soda cha DAP (mbolea ya kupandia), changanya na udongo, halafu weka udongo mtupu kidogo juu yake ili mbolea isiunguze mizizi. Mnyanya zika shina hadi karibu na majani ya chini, maana shina lililozikwa hutoa mizizi mipya. Hoho na biringanya vipandwe kina kilekile cha kitaluni. Wiki 3 baadaye weka kizibo kimoja cha CAN (mbolea ya kukuzia), kwa kuzungushia sentimita 10 kutoka shinani.

Udongo wa pwani una mchanga mwingi na maji hayakai. Tandaza nyasi kavu unene wa sentimita 5 hadi 8, usizigusishe na shina, na zikague mara kwa mara kwa ajili ya mchwa. Mwagilia asubuhi, mnyanya wenye matunda unahitaji lita 1.5 hadi 2 kwa siku. Ukiuacha ukauke siku tatu kisha ukaugharikisha, matunda yataoza kitako: doa jeusi lililobonyea chini ya tunda. Dawa ya ukungu hapo ni hasara tupu. Kilichokosekana ni kalisi (kalsiamu), nayo hufika kwenye tunda ikibebwa na maji, hivyo maji yakikatika nayo hukatika.

Mnyauko

Mmea ukinyauka ghafla huku majani bado ni ya kijani, kata kipande cha shina karibu na ardhi, kining'inize ndani ya glasi ya maji safi na usubiri dakika chache. Uzi mweupe kama maziwa ukishuka, huo ni mnyauko wa bakteria. Hauna dawa. Ng'oa mmea pamoja na udongo wa mizizini, peleka mbali na shamba, na kwa miaka 3 usipande hapo nyanya, hoho, biringanya, nyanya chungu wala viazi mviringo. Panda mahindi.

Kantangaze, nondo mdogo ambaye viwavi wake hula nyanya, naye huonekana kwa michirizi mipana myeupe ndani ya majani, kisha vitundu kwenye matunda. Tundika mitego ya harufu ya jike tangu siku ya kuhamisha miche, na majani yenye viwavi yafunge kwenye mfuko wa plastiki uuache juani. Ukipuliza sumu, badilisha kundi la dawa kila baada ya muda, maana huzoea upesi, na heshimu siku za kusubiri kabla ya kuchuma.

Hoho usiipunguze majani: tunda lisilo na kivuli hubabuka upande wa jua. Anayetaka pilipili wakati wa kiangazi apande pilipili mbuzi.

Biringanya lichume likingali linang'aa. Likifubaa, mbegu zimeshakomaa na nyama imeanza kuwa chungu. Majani yakigeuka ya shaba, geuza upande wa chini utafute utitiri, vijidudu vidogo sana vinavyofyonza majani, na uwapige kwa maji ya nguvu. Mavuno yakipungua usiung'oe mti wenye afya. Ukate sentimita 30 kutoka ardhini, weka samadi, mwagilia, nao utachipua na kuzaa tena.