Kuiondoa Giant kwenye draiva ya FreeBSD

FreeBSD, mfumo endeshi huria, ilipoanza mwaka 2000 kuigawa kerneli yake (kiini cha mfumo) ili prosesa nyingi zifanye kazi ndani yake kwa pamoja, draiva (programu zinazoendesha vifaa) zilizokuwepo zilikuwa zimeandikwa kwa imani kwamba humo ndani yumo mmoja tu. Giant, kufuli moja kubwa linaloruhusu uzi mmoja tu (mfululizo mmoja wa maagizo) kupita kwa wakati, lilizistiri. Zipo draiva za zamani ambazo bado zimejificha humo. Linux nayo ilikuwa na kufuli kama hilo, likaja kung'oka lote kwenye toleo la 2.6.39, mwaka 2011.

Kufuta mistari ya draiva inayolitumia Giant ni kazi ya dakika tano. Kinachokula siku ni kujua Giant lilikuwa likilinda nini, maana hakuna aliyeandika popote.

1. Tafuta lilipo. Endesha `dmesg | grep GIANT-LOCKED` uone mikatizo (ishara za kifaa kuomba kuhudumiwa) inayolitumia. Kisha fungua msimbo utafute `D_NEEDGIANT` kwenye `cdevsw` (jedwali la funksheni za draiva), `bus_setup_intr` isiyo na `INTR_MPSAFE`, `callout_init` (ya taimeri) inayoishia na 0, na `&Giant` ndani ya `bus_dma_tag_create`. Hizo mbili za katikati huponyoka, kwa sababu jina Giant halimo kwenye mistari yake.

2. Jenga kerneli yenye `INVARIANTS` na `WITNESS`, vikaguzi vinavyonasa makosa ya kufuli. Fanya hivyo kabla hujagusa chochote. Itakuwa nzito, kwa hiyo usiitumie kupima kasi.

3. Orodhesha data. Chukua karatasi. Kwa kila kipengele cha softc (muundo wa data wa kila kifaa), andika nani anakigusa: `ioctl` (amri kutoka kwa programu), mkatizo, taimeri, au detach (kifaa kinapoondolewa). Kilichoandikwa mara moja wakati wa attach (kifaa kinapounganishwa) na kisha kusomwa tu, kiache.

Usiishie kwenye softc. Vifaa vingi vina rejista mbili zinazokwenda pamoja: unaandika namba kwenye ya kwanza, unasoma jibu kwenye ya pili. Uzi mwingine ukipenya katikati, utasoma jibu la swali ambalo hukuuliza. Jozi hiyo ni data, ilinde. Angalia pia vigeu vya `static` vilivyo nje ya softc. Kompyuta ikiwa na vifaa viwili vya aina moja, vinagawana vigeu hivyo, na kufuli lililo ndani ya softc ya kimoja halimzuii mwenzake. Giant lilikuwa likiwazuia wote.

4. Weka kufuli moja tu.

```
mtx_init(&sc->mtx, device_get_nameunit(dev), NULL, MTX_DEF);
```

Kishawishi cha kuweka matano kitakujia. Kipuuze hadi vipimo vikudai. `MTX_SPIN` ni ya draiva yenye filter ya mkatizo (funksheni inayoujibu papo hapo, bila uzi wake). Mkatizo wa kawaida hushughulikiwa na uzi wake, nao unatosheka na `MTX_DEF`.

Giant huruhusu uzi uleule kulifunga mara ya pili. Hili jipya haliruhusu. Kwa hiyo funksheni inayoitwa kutoka pande zote igawe: `foo_start` inafunga kisha inaita `foo_start_locked`, na mstari wa kwanza wa hiyo ya pili uwe `mtx_assert(&sc->mtx, MA_OWNED)`.

5. Shughulikia usingizi. Uzi ulipolala, kerneli ililiachia Giant kimyakimya. Ndiyo maana msimbo wa zamani unaita `uiomove` na `malloc` yenye `M_WAITOK` bila wasiwasi. Ukiwa umeshika myuteksi (hilo kufuli jipya), hayo ni marufuku: nakili data kwanza, ndipo ufunge. Kila `tsleep` igeuze iwe `mtx_sleep`, ndani ya `while` inayokagua sharti upya, la sivyo `wakeup` itapita kabla hujalala.

Ukikuta hitilafu hapa, usijilaumu haraka. Kila `tsleep` ilikuwa mlango wazi hata enzi za Giant.

6. Geuza moja moja. Anza na taimeri kwa `callout_init_mtx`, kisha DMA (kifaa kufikia kumbukumbu moja kwa moja) kwa `busdma_lock_mutex` na `&sc->mtx`, kisha weka `INTR_MPSAFE`. `D_NEEDGIANT` iondoke mwisho. Jaribu baada ya kila badiliko.

7. Detach. Hapa ndipo nilipopoteza wikiendi nzima: niliita `callout_drain` nikiwa nimeshika myuteksi ambayo taimeri yenyewe ilikuwa ikiisubiri. Tukagandishana. Mpangilio ninaoutumia sasa: `destroy_dev`, funga, weka alama kwamba kifaa kimeondoka, zima kifaa, fungua, `bus_teardown_intr`, `callout_drain`, `taskqueue_drain`, kisha `mtx_destroy`. Taimeri na kazi za foleni lazima ziikague alama hiyo kabla ya kujipanga upya.

8. Isumbue. Anzisha programu kadhaa zinazopiga `ioctl` mfululizo, huku hati nyingine ikipakia na kuondoa moduli usiku kucha, kwenye mashine yenye angalau kore 4. Asubuhi soma `dmesg`: ukiona "lock order reversal" (makufuli yaliyofungwa kwa mpangilio unaogongana) inayotaja myuteksi yako, rudi hatua ya 4 ukachunguze nani anaita nje ya draiva akiwa bado ameishika.