Karata za kumfundisha mwanao, mpaka afike wahedi wa sitini

Wazazi wengi huku Tanga wakisikia mtoto anafundishwa karata wanashtuka, wanaona kamari hiyo imeshaingia ndani, na mi nawaelewa maana kuna vijiwe kweli watu wanachezea hela. Kwa hiyo sheria ya kwanza nyumbani ndo hii: hakuna hela, hata mia, hata peremende. Na kama nyumba yenu karata hamzitaki kabisa kwa sababu za dini basi msilazimishe, bao lipo na keram ipo.

Mtoto wa miaka minne mitano usimpe mchezo kwanza, mpe pakiti nzima azimwage mkekani azipange mwenyewe kwa aina zake nne, kopa huku, uru huku, shupaza kule, pau kule. Akizoea hapo chukua pea 6 tu, karata 12, zilaze kifudifudi, kila mtu anafunua mbili, zikifanana anazichukua, zisipofanana anazirudisha pale pale zilipokuwa. Huu mchezo usimwachie makusudi ashinde, hana haja ya huruma yako, watoto wadogo wengi wanakumbuka vizuri karata ilipolala.

Akishajua namba mhamishie lasti kadi. Gawa tano tano, funua moja katikati, anayefuata anatupa inayofanana aina au namba, hana basi analamba, yaani anachukua karata kwenye fungu. Mbili inamlambisha mwenzio mbili, jeki anarukwa mtu, rea (ile yenye A) unabadili aina, na ukibaki na moja lazima utangaze lasti kadi la sivyo unalamba. Ila mkubaliane kabla hamjaanza, kila mtaa una sheria zake, Ngamiani wanacheza hivi na binamu zake wakija kutoka Muheza watakuja na zao, ugomvi wote wa lasti kadi unaanzia hapo.

Sasa mchezo wenyewe ambao mi natamani kila mtoto wa pwani aujue, wahedi wa sitini. Kwa umri wa miaka minane hivi anauweza, na hesabu za kujumlisha atazifanya bila kuambiwa afanye. Toa jokeri, toa nane, tisa na kumi zote, zinabaki karata 40. Zenye pointi ni hizi: rea 11, saba 10, mzungu wa nne (ndo K) 4, mzungu wa tatu (J) 3, mzungu wa pili (Q) 2. Zilizobaki, sita kushuka mpaka mbili, ni garasa, hazina kitu. Kila aina ina pointi 30, mara aina nne ni 120, kwa hiyo anayefika 61 kashinda. Ukimfundisha hivyo hata hahitaji kukariri jina la mchezo, linajieleza, wahedi ni moja. Wareno nao mpaka leo wana michezo yao ya karata yenye pointi hizi hizi, saba ikiwa juu ya mfalme vilevile.

Mkiwa wawili, changanya vizuri, gawa tatu tatu, inayofuata ifunue uiweke chini ya fungu, hiyo aina ndo turufu. Mmoja anatupa, mwenzie anajibu na yoyote anayotaka. Ya aina ile ile iliyo kubwa, kwa mpangilio ule wa pointi, inakula, ya aina tofauti haili, ila turufu inakata zote. Aliyekula analamba kwanza kisha anaanza yeye kutupa.

Penye ugumu ni hapa: mtoto anaona saba ndogo kuliko K, na Q anaiweka juu ya J kama alivyozoea. Usimkaripie. Mechi za mwanzo chezeni wazi, karata zote zimelazwa juu mkekani, muwaze kwa sauti. Mfano turufu ni uru, wewe umetupa saba ya kopa, yeye ana rea ya kopa, tatu ya uru na mzungu wa pili wa pau. Muulize, "Haya mwanangu, unaikulaje?" Akitoa rea anakusanya 21 hapo hapo, mkono mnono. Akikata na ile tatu ya uru anapata 10 tu, lakini rea yake inabaki mkononi, na rea iliyobaki mkononi inaweza kukatwa baadaye. Hapo mi ningekula na rea, turufu nikaiweka. Ila mwache abishe, anayebisha ndo anafikiri. Mwisho wa mechi pointi ahesabu yeye, zako na zake, zisipofika 120 arudie.

Karata zenyewe nunua za plastiki, za makaratasi kwa joto letu na hewa ya bahari zinanatana haraka, na mikono ya bajia isiguse pakiti mpaka inawe.

Wakifika wanne, gawa kumi kumi, anayekaa mbele yako ndo mwenzako, na hapa kufuata aina ni lazima kama unayo. Bibi au babu akiwepo mpangeni na mtoto mdogo kuliko wote, wale wazee wanakumbuka kila turufu iliyotoka.