Mizani ya kuunganisha na simu: usiamini namba ya siku moja

Ukitaka kununua ile mizani ya kioo inayotuma uzito na asilimia ya mafuta kwenye simu, jua kwanza inavyofanya kazi. Uzito inaupima kweli. Mafuta inayakadiria tu. Inapitisha umeme mdogo sana kutoka mguu mmoja hadi mwingine, inaangalia mwili umeuzuia kiasi gani, kisha inapiga hesabu kwa kutumia urefu, umri na jinsia uliyojaza. Ukiidanganya urefu, nayo itakudanganya.

Maji ya mwilini ndiyo yanayoivuruga zaidi. Kula pilau na kachumbari ya chumvi usiku, asubuhi unaweza kukuta kilo nzima imeongezeka, na si mafuta hayo. Kwa hiyo pima asubuhi ukishatoka chooni, kabla ya chai, ukiwa peku na nyayo kavu, mizani ikiwa kwenye sakafu ngumu. Juu ya zulia, sahau. Halafu linganisha wastani wa wiki kwa wiki.

Dukani, panda mara tatu mfululizo uone kama uzito unabaki uleule. Hilo lina maana kuliko “umri wa mwili” na mapambo mengine ya programu. Zenye mshikio wa mikono hupima na kiwiliwili pia, ila bei yake imechangamka. Ukibadili mizani, anza rekodi upya, maana kila kampuni ina fomula yake.

Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo asiipande kabisa. Mjamzito atumie mizani ya kawaida.