MAGAZIJUTO haifuatwi herufi kwa herufi

Wanafunzi wengi wa Tanzania hutoka shule ya msingi wakiwa na neno MAGAZIJUTO kichwani, yaani mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Neno hilo linasaidia sana, ila limezaa dhana moja potofu, kwamba kujumlisha hutangulia kutoa popote vinapokutana.

Hatua ya kwanza: ambatanisha kila alama na namba iliyo kulia kwake. Chukua 10 − 4 + 3. Anayefuata herufi hujumlisha 4 na 3, akapata 7, kisha akaitoa kwenye 10 na kubaki na 3. Amekosea, kwa sababu alama ya kutoa ilihusu 4 peke yake, naye ameitoa hata ile 3 ambayo swali lilitaka iongezwe. Kila alama ikibaki na namba yake, kuanza kwa kujumlisha ni halali kabisa: 10 + 3 = 13, kisha 13 − 4 = 9. Ukikokotoa kutoka kushoto kwenda kulia utapata 9 hiyohiyo.

Hatua ya pili: maliza mabano, kisha kugawanya na kuzidisha, kabla ya kugusa yaliyobaki. Hapa wachache hukwama.

Hatua ya tatu: usitumie alama ya sawasawa kama kiungo cha kuendeleza hesabu. Anayeandika 5 + 3 = 8 × 2 = 16 amepata jibu alilolitaka, lakini mstari wake unadai kwamba 8 ni sawa na 16, na msahihishaji makini ataukata. Kila tendo lipewe mstari wake.

Maswali na majibu

Swali: Mbona kugawanya kabla ya kuzidisha hakuharibu jibu?

Jibu: Katika 12 × 6 ÷ 3, ukianzia kushoto unapata 72 ÷ 3 = 24, na ukigawanya kwanza unapata 12 × 2, ambayo pia ni 24. Kinachoharibu ni kinyume chake: katika 24 ÷ 4 × 2, anayezidisha kwanza hupata 3 badala ya 12.

Swali: Kwa 2 + 3 × 4, kikokotoo cha dukani kinanipa 20, na cha kisayansi 14. Kipi ni kibovu?

Jibu: Vyote ni vizima. Kile cha dukani hukokotoa papo hapo unapobonyeza, hivyo huwa kimeshajumlisha 2 na 3 kabla hujaingiza 4, ilhali cha kisayansi husubiri swali zima. Ukiwa na cha dukani, anza na 3 × 4, ndipo uongeze 2.