Kupima Athari za Uvimbe wa Saratani kwa Kinga ya Panya

Gawa panya wa ukoo mmoja, jinsia moja na umri sawa katika makundi mawili, moja lipandikizwe seli za saratani na jingine libaki bila uvimbe. Pima uvimbe kwa kalipa (kifaa cha kupimia urefu na upana) kila baada ya siku 2 au 3, kisha upate ujazo wake ukizidisha urefu kwa mraba wa upana kisha ukigawanya kwa 2. Usingoje siku ya mwisho. Chunguza wengu, kiungo cha kinga, katika hatua mbalimbali, kwa kuwa uvimbe wa aina ya 4T1 (saratani ya matiti ya panya) huukuza mno kwa kuujaza seli changa za mieloidi (seli za kinga zitokazo kwenye uboho, ambazo hazijakomaa), ambazo huzuia kazi ya seli T, yaani chembe nyeupe za damu zinazoweza kushambulia saratani. Wengu mkubwa, basi, usikudanganye kuwa kinga ni imara. Wala kuhesabu seli T hakutoshi: zichochee maabarani, kisha upime kiasi cha interferoni-gama (protini ya kuamsha kinga) kinachotolewa.